Seli za ubongo zikifa, hurudi?

Mama mmoja wa Nangara, hapa Babati, ana mtoto aliyeugua malaria iliyompanda kichwani. Ameniuliza kama seli za ubongo zilizokufa huota tena. Swali hilo lilimshughulisha pia Santiago Ramón y Cajal, daktari wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1852.

Utotoni alikuwa mtundu, hata baba yake akampeleka kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa mshona viatu. Baadaye alisomea udaktari, akatumwa Kuba kutibu askari, na huko malaria ikamdhoofisha vibaya.

Kwa hadubini alionyesha kwamba ubongo una seli za neva zilizotengana, zinazopelekeana taarifa. Alichunguza pia seli za glia, zinazolisha na kulinda zile za neva. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Camillo Golgi wa Italia. Aliamini kuwa kwa mtu mzima seli za neva zikifa hazirudi, akaiachia sayansi ya baadaye kazi ya kubadili hali hiyo. Alifariki mwaka 1934.

Leo watafiti wanajaribu kugeuza glia ziwe seli za neva. Kwa panya kuna matumaini, ingawa baadhi ya matokeo yanabishaniwa. Bado si tiba, hivyo usinunue dawa ya kuotesha ubongo.

Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Akiwa na degedege, mkimbize hospitali. Aliyekwisha kuumia usimkatie tamaa: seli zilizobaki hujifunza, hasa kwa mazoezi. Mlete kliniki.