Okot p'Bitek, profesa wa uandishi aliyetaka chuo kisikilize ngoma ya kijijini

LIKASI – Mwaka 1982 Chuo Kikuu cha Makerere, mjini Kampala, kilimteua Okot p'Bitek kuwa profesa wa uandishi wa kubuni. Kazi hiyo hakuifanya kwa muda mrefu. Mwezi Julai mwaka huohuo alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 51, miezi michache tu baada ya kukalia kiti ambacho wengi waliona alistahili kupewa miaka mingi kabla.

Huku Katanga jina lake wanalijua zaidi wanafunzi wa fasihi, na wengi wamelipata kwa mlango wa nyuma. Mtoto wa Likasi, marehemu V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa hapa mwaka 1941 mji ukiitwa bado Jadotville, alimjadili Okot katika The Invention of Africa, kitabu chake cha mwaka 1988 kilichosomwa dunia nzima. Kilichomvutia Mudimbe kilikuwa hoja za Okot juu ya namna wazungu walivyoandika kuhusu dini za Kiafrika. Mashairi hayakuwa mada yake pale. Lakini ukitaka kuelewa hoja hizo zilitoka wapi, ni lazima uanzie Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Okot alizaliwa huko mwaka 1931, katika jamii ya Waacholi. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na Mkristo wa Kiprotestanti. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi aliyejulikana katika eneo lake, mwanamke wa kuongoza ngoma. Kwa hiyo katika nyumba moja kulikuwa na ubao na chaki upande huu, na upande ule kulikuwa na nyimbo ambazo hazikuandikwa popote. Mtoto alijifunza kote kuwili. Baadaye, alipokuwa msomi mwenye vyeti vya Uingereza, aliendelea kuzihesabu nyimbo za mama yake kuwa elimu sawa na ile ya darasani, na kwa watu wengi wa vyuo vya wakati ule hilo lilikuwa jambo geni kabisa.

Alisoma Gulu, kisha akapelekwa King's College Budo, karibu na Kampala. Budo ilikuwa shule ya watoto wa wakubwa, yenye kwaya, michezo ya kuigiza na taratibu zilizoigwa kutoka shule za bweni za Uingereza. Kijana wa Kiacholi angeweza kupotea humo. Yeye alitunga opera, akaiita Acan, akaisimamia mwenyewe mpaka ikachezwa na wanafunzi wenzake. Hapo ndipo tunapomwona kwa mara ya kwanza mtu tutakayemkuta tena na tena: anapokea chombo cha kigeni bila woga, halafu anakijaza mambo ya kwao.

Baada ya mafunzo ya ualimu Mbarara alirudi kufundisha karibu na Gulu, katika shule ya Sir Samuel Baker, akiwa pia mtu wa kwaya na mchezaji mpira hodari. Mwaka 1953, akiwa na miaka 22 tu, alitoa riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar Miyo Kinyero Wi Lobo. Inamhusu kijana Okeca Ladwong anayetoka kijijini kwenda kutafuta fedha za mahari Kampala na katika mashamba ya miwa ya Jinja. Anateseka, anakusanya kidogo, na akiwa njiani kurudi anaibiwa. Msomaji wa Likasi hahitaji kufafanuliwa hadithi hii. Mji wetu ulijengwa na vijana walioacha vijiji vyao kufuata mshahara wa shaba, na si wote waliorudi na kitu mkononi.

Mwaka mmoja kabla ya riwaya hiyo, mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi hapa Jadotville mpiga gitaa kutoka Bunkeya, Jean Bosco Mwenda, aliyekuwa rika moja na Okot. Wawili hao hawakuwa na uhusiano wowote. Nawataja pamoja kwa sababu chuo kikuu cha siku zile kingemwita mmoja wao mwandishi, na mwingine kingemwacha nje ya mlango akipiga gitaa lake. Okot alitumia maisha yake yote kuupinga mlango huo.

Uingereza alifika kwa miguu ya mpira. Mwaka 1956 timu ya taifa ya Uganda ilikwenda huko kwa ziara, wachezaji wakiingia uwanjani pekupeku, na Okot alikuwa mmoja wao. Ziara ilipokwisha, yeye alibaki kusoma. Alichukua diploma ya ualimu Bristol, kisha sheria katika chuo cha Aberystwyth, Wales, na mwaka 1960 akaingia Oxford kusoma anthropolojia.

Oxford ndiko alikopata jeraha ambalo halikupona. Katika mihadhara, walimu waliwaita Waafrika na mataifa mengine ya nje ya Ulaya watu wa kishenzi, washamba wa historia, na waliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kama mtu anayetaja hali ya hewa. Okot alilalamika. Hakuna kilichobadilika. Alibaki, akamaliza tasnifu yake juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango mwaka 1963, lakini alitoka akiwa na swali ambalo baadaye lilizaa kitabu African Religions in Western Scholarship: elimu hii inamtumikia nani? Hapo ndipo Mudimbe alipokutana naye kwenye karatasi.

Wakati huo Makerere ilikuwa katika kilele cha jina lake. Kuanzia mwaka 1958 wanafunzi wa idara ya Kiingereza walikuwa na jarida lao, Penpoint, lililochapisha hadithi na mashairi yao. Mabweni yalishindana kila mwaka kwa michezo ya kuigiza na maandishi, na katika mashindano hayo ndipo kijana wa Kenya aliyekuja kujulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o alipojaribu tamthilia zake za mwanzo. Mwezi Juni 1962 chuo kilipokea mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Sharti lilikuwa moja: mkutano ulikuwa wa waandishi wanaoandika kwa Kiingereza. Mwandishi wa riwaya ya Kiacholi, hata kama ilikuwa imechapishwa miaka tisa nyuma, hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo kwa riwaya hiyo.

Si haki kuidharau Makerere ile. Bila Penpoint na vyama vya wanafunzi, waandishi kadhaa wa Afrika Mashariki wasingepata wasomaji wao wa kwanza. Lakini ilikuwa bustani yenye ua mrefu. Aliporudi nyumbani, Okot alipewa kazi katika idara ya Makerere ya elimu ya nje ya chuo, akiwa Gulu, na huko alifanya kinyume cha bustani. Alianzisha tamasha. Wacheza ngoma, wapiga nanga na watunzi wa vijijini waliitwa kuonyesha kazi zao mbele ya watu wao wenyewe, na yeye mwenyewe aliingia uwanjani kucheza. Kwake, kucheza ngoma ilikuwa sehemu ya utafiti.

Miaka ileile alikuwa anahangaika na shairi refu kwa Kiacholi, Wer pa Lawino, ambalo kwa muda hakumpata mchapishaji wake. Alianza kulitia Kiingereza. Sehemu yake iliposomwa katika mkutano mmoja Nairobi mwaka 1965, wasikilizaji walichangamka, na mwaka uliofuata East African Publishing House, nyumba ya uchapaji iliyokuwa changa bado, ilitoa Song of Lawino. Toleo la Kiacholi lilisubiri mpaka 1969. Paul Sozigwa wa Tanzania alilileta kwa Kiswahili mwaka 1975 kwa jina la Wimbo wa Lawino.

Msemaji ni mwanamke ambaye hakusoma. Mume wake Ocol amesoma sana, amempata mwanamke wa mjini, Clementine, na sasa anaona aibu kwa kila kitu cha nyumbani: chakula, ngoma, nywele, dawa, hata namna ya kuhesabu siku. Lawino anamjibu kwa kejeli, machozi na matusi ya jikoni. Sehemu moja nzima inahusu vitabu vya mumewe, vilivyojaa nyumbani kama msitu usiopenya jua, na namna vilivyomfanya mwanamume asijiweze. Hakuna mwanafunzi wa barua na sanaa anayeisoma sehemu hiyo bila kujiangalia.

Kitabu kilipendwa kuliko shairi lolote la Afrika Mashariki la wakati wake, na pia kilizua ubishi. Taban lo Liyong, mwandishi mwenzake, aliona Kiingereza cha Okot kimepunguza uzito wa Kiacholi, na mwaka 2001 alitoa tafsiri yake mwenyewe. Wanawake wasomi waliuliza kwa nini sauti ya kutetea mila katika ndoa ya wake wengi iliandikwa na mwanamume. Wengine walimkumbusha Okot kwamba yeye mwenyewe, mtu wa Bristol na Oxford, alifanana na Ocol kuliko Lawino. Swali hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, na nadhani alilijua. Mwaka 1970 alimpa Ocol nafasi ya kujibu katika Song of Ocol, na jibu lile ni la mtu mwenye hasira aliyejaa hofu ya asili yake. Mtu hawezi kuandika hofu ya namna hiyo bila kuwahi kuihisi kidogo.

Mwaka 1966 aliwekwa kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda mjini Kampala, chenye jumba la maonyesho la taifa. Jukwaa lililozoea tamthilia za wageni likaanza kupokea ngoma. Hakudumu. Mwaka 1968, aliporudi kutoka safari ya Zambia, alijikuta hana kazi tena. Watu walielewa kwamba ulimi wake kuhusu wanasiasa wa serikali ya Milton Obote ndio uliomponza.

Akavuka kwenda Kenya. Kisumu, akifanya kazi ya elimu ya nje ya Chuo cha Nairobi, aliandaa tamasha jingine la sanaa. Mwaka huohuo wa 1968, Ngũgĩ, Taban na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe na mahali pake pawekwe idara inayoanza na fasihi ya Afrika, ya mdomo na ya maandishi. Okot hakutia sahihi waraka ule, lakini alikuwa ameshaishi maudhui yake Gulu. Baada ya mwaka mmoja Iowa, Marekani, katika mpango wa waandishi wa kimataifa, alirudi Nairobi kufundisha na kutafiti. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, njia ya kurudi nyumbani ilifungika kabisa.

Miaka ile ya uhamishoni ndiyo iliyozaa vitabu vingi. Song of Prisoner na Song of Malaya zilitoka pamoja mwaka 1971 na kumpatia Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi. Zilifuata Religion of the Central Luo, Africa's Cultural Revolution, na mwaka 1974 Horn of My Love, mkusanyo wa nyimbo za Waacholi alizozipanga kwa lugha zote mbili. Katika mkusanyo huo watunzi wa kijijini wanapewa heshima ya washairi, kama ilivyostahili tangu mwanzo.

Miaka hiyohiyo, kilomita kama 120 kutoka Likasi, Lubumbashi nayo ilikuwa na joto la aina yake. Mageuzi ya vyuo ya mwaka 1971 yaliileta huko kitivo cha barua cha Zaire nzima, na Mudimbe, Georges Ngal na wengine walikuwa wanafundisha na kuandika, wote kwa Kifaransa. Kiswahili kilibaki uani, sokoni na kwenye gitaa. Hatukumpata Okot wetu, au tulimpata na hatukumpa kiti.

Baada ya kupita Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria, Okot alirudi Uganda Amin alipoangushwa mwaka 1979, akafanya kazi ya utafiti Makerere. Nchi ilikuwa imevunjika, na Desemba 1980 Obote, ambaye chini yake alifukuzwa kazi mara ya kwanza, alirudi ikulu. Cheo cha profesa wa uandishi kilikuja katika hali hiyo, kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wa Makerere na ambaye riwaya yake ya kwanza ilikuwa katika lugha isiyofundishwa humo.

Alipofariki aliacha maandishi yasiyochapishwa. Artist, the Ruler, insha zake juu ya msanii kama mtawala wa kweli wa jamii, ilitoka mwaka 1986. Riwaya ya ujana wake ilipata Kiingereza mwaka 1989 kwa jina la White Teeth. Binti zake wawili waliingia katika ushairi: Jane alitoa Song of Farewell mwaka 1994, na Juliane, anayeishi Kanada, alitoa mwaka 2016 100 Days, mashairi mia moja kuhusu siku mia za mauaji ya Rwanda.