Maisha ya Musab bin Umeir, Mshika Bendera

Katika Masahaba wa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) wako waliotajwa kwa mali, wako waliotajwa kwa nguvu, na wako waliotajwa kwa wingi wa elimu. Huyu ninayemwandika alitajwa kwanza kwa uzuri wa nguo zake. Chama kimenitaka niwaandikie vijana habari za mmoja katika watu wa kale, nami nimemchagua yeye, kwa kuwa wengi wa vijana wetu wa huku bara wana wazazi na ndugu wasiokuwa Waislamu, nao huniuliza maswali ambayo Musab aliyajibu kwa maisha yake.

Nasaba yake ni Musab bin Umeir bin Hashim bin Abdi Manafi bin Abdid-Dari bin Kusayy. Msomaji asichanganye: Hashim huyu siye yule babu yake Sayyidna Abdalla, baba wa Mtume. Majina yamefanana tu, na nasaba zao zinakutana kwa Kusayy. Kusayy ndiye aliyewakusanya Makureshi katika Makka, na vyeo vyote vya mji vilikuwa mkononi mwake. Baada yake kizazi chake kiligombana, wakakaribia kumwaga damu, kisha wakapatana wagawane. Kuwanywesha na kuwalisha mahujaji kukawa kwa watu wa Abdi Manafi mwana wa Kusayy. Ufunguo wa Al-Kaaba, nyumba ya mashauri na bendera ya vita vikabaki kwa watu wa Abdid-Dari. Tafadhali lishike neno la bendera, kwani tutalirudia.

Basi Musab alizaliwa katika ukoo huo, na mama yake, Bibi Khunasi binti Malik, alikuwa mwanamke tajiri, mwenye kauli nzito. Alimpenda mwanawe kupita kiasi. Wapokezi wa habari wanasema hapakuwa na kijana wa Makka aliyemshinda kwa mavazi, wala kwa manukato, na viatu vyake vilikuwa vya Hadhramaut. Kila alichokuwa nacho kilitoka kwa mama yake.

Alisikia kwamba Mtume hukutana na wafuasi wake katika nyumba ya Arqam, karibu na kilima cha Safa. Akaenda mwenyewe, akasikiliza, akasilimu. Wakati huo umri wake wapata miaka ishirini na kitu. Lakini alificha, na aliyemficha zaidi ni mama yake. Kuficha huku si unafiki. Kijana aliyelelewa kwa mapenzi huogopa machozi ya mama yake kuliko fimbo ya baba.

Siri ilitolewa na jamaa yake, Othman bin Talha, ambaye alimwona akisali. Akampelekea habari mama yake na wazee wa ukoo. Wakamshika, wakamfunga ndani ya nyumba. Alikaa kifungoni mpaka alipopata njia ya kutoka, akavuka bahari pamoja na Waislamu waliohamia Uhabeshi, mwaka wa 615. Aliporudi Makka alikuwa amekonda, ngozi imekwaruzika, na nguo zake ni duni. Imesimuliwa kuwa mama yake alipoiona hali ile aliacha kumlaumu. Mimi huona kuwa hapo pana huzuni kubwa kuliko kule kufungwa.

Mwaka wa 621 watu kumi na wawili wa Yathrib, ndiyo Madina, walifungamana na Mtume huko Akaba. Musab akapelekwa kwao awasomeshe Kurani. Akafikia nyumbani kwa Asad bin Zurara, na watu wakamwita Msomeshaji. Yathrib ilikuwa na makabila mawili, Ausi na Khazraji, waliokuwa wamepigana miaka mingi, na ingawa baadhi yao walikuwa wamesilimu, hakuna aliyeridhia kusalishwa na mtu wa upande wa pili. Basi aliyewasalisha ni Musab. Mtu aliyetengwa na ukoo wake ndiye aliyefaa kusimama mbele ya koo mbili, kwani hakuwa na damu ya kudai kwa yeyote.

Siku moja alipokuwa akisomesha katika shamba, Useid bin Hudheir, mmoja wa wakubwa wa Ausi, alimjia na mkuki mkononi, akimtaka aondoke kama anaupenda uhai wake. Musab hakusimama wala hakurudisha maneno makali. Alimwomba aketi asikilize, kisha kama hakupendezwa, yeye atanyamaza. Useid akaona hiyo ni haki, akauchomeka mkuki chini, akaketi. Akasilimu palepale. Baada yake akaja Saad bin Muadh, naye ikawa vivyo hivyo, na kabla ya jioni ukoo wake karibu wote ukamfuata.

Mwaka uliofuata, 622, wanaume sabini na tatu wa Yathrib na wanawake wawili walifika Akaba. Musab alirudi Makka pamoja na mahujaji hao, akaenda kwa Mtume kabla ya kwenda kwa mama yake. Bibi Khunasi akampelekea mtu kumlalamikia. Alipomfikia, mama alitaka kumfunga tena, na Musab akamwonya kuwa safari hii atapigana na atakayemshika. Mama akalia. Hapo Musab akamwambia kwa upole kwamba anamtakia kheri, naye asilimu. Mama akaapa hatasilimu, watu wasije wakasema akili yake imedhoofika. Wakaachana, kila mmoja katika dini yake.

Ikaja Badri, mwezi wa Ramadhani mwaka wa 2 wa Hijra (624). Bendera ya Waislamu ilishikwa na Musab. Upande wa Makureshi, ilishikwa na ndugu yake, Abu Aziz bin Umeir, baada ya kuwa mkononi mwa jamaa yao mwingine. Ndugu wawili wa nyumba moja, bendera mbili. Abu Aziz akatekwa. Musab alipita akamkuta mtu wa Madina anamfunga, akamwambia aikaze kamba, kwani mama wa mateka huyo ni tajiri na atamkomboa. Ndugu yake akastaajabu. Musab akamjibu kuwa ndugu yake ni yule anayefunga. Hata hivyo, Abu Aziz mwenyewe alisimulia kuwa waliomteka walikuwa wakimpa yeye mkate, wao wakila tende. Mama akatoa dirhamu 4,000, akampata mwanawe.

Mwaka uliofuata, huko Uhud, Abu Sufiani aliwachochea watu wa Abdid-Dari juu ya bendera yao, ama waishike kiume ama waiache. Wakaishika. Talha, baba wa yule Othman aliyemsengenya Musab, akauawa chini yake, kisha ndugu zake, kisha wanawe, mmoja baada ya mmoja. Upande wa pili, mwana wa Abdid-Dari alikuwa ameshika bendera ya Mtume. Waislamu walipovurugika, Ibnu Kamia alimjia akidhani ndiye Mtume. Imepokewa kuwa alimkata mkono wa kulia, akaishika kwa kushoto, ukakatwa, akaikumbatia kifuani mpaka akafa. Umri wake wapata miaka arobaini.

Hakuacha ila shuka moja ya sufi. Walipomfunika kichwa, miguu ilionekana. Walipofunika miguu, kichwa kilionekana. Mtume akaamuru kichwa kifunikwe, na miguu iwekewe idhkhir, majani yenye harufu nzuri ya jamii ya mchaichai. Mkewe, Bibi Hamna binti Jahshi, aliambiwa kifo cha kaka yake, kisha cha Hamza mjomba wake, akasubiri. Alipoambiwa cha Musab alipiga ukelele.

Ama Othman bin Talha, alisilimu mwaka wa 8 wa Hijra (629). Makka ilipofunguliwa mwaka huohuo wa Hijra, Mtume alimrudishia ufunguo wa Al-Kaaba, nao ungali kwa watu wa Abdid-Dari, katika kizazi cha Sheiba, binamu yake Othman.