Binti aliyemwandikia Mungu daftarini

Je, ni vibaya kumwomba Mungu mafanikio? Wapo waumini wanaoona haya kutaja mtihani, kazi au biashara wanapopiga magoti, kana kwamba Mungu hajui wanachokitamani. Binti mmoja Mkatoliki wa Marekani aliamua kumwambia wazi.

Flannery O'Connor alizaliwa Savannah, jimbo la Georgia, tarehe 25 Machi 1925, mtoto pekee wa wazazi wake. Alipokuwa na miaka 15, baba yake alifariki kwa lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Mwaka 1945 alikwenda Chuo Kikuu cha Iowa, mbali na nyumbani, na huko akajifunza kuandika hadithi. Januari 1946, akiwa na miaka 20, alianza kuandika sala zake katika daftari la kawaida, bila kumwonyesha mtu.

Sala zile hazikupambwa. Aliomba awe mwandishi mzuri na hadithi zake zikubaliwe. Papo hapo alikiri hofu zake: huenda anajipenda mwenyewe kuliko anavyompenda Mungu, na huenda elimu ya chuo ikamnyang'anya imani. Aliomba pia asisahau kwamba kazi yake ikiwa njema, sifa ni ya Mungu. Siku ya mwisho, Septemba 1947, alijishtaki kwa ulafi wa biskuti, kisha akaliacha daftari.

Alichoomba alikipata. Riwaya yake ya kwanza, Wise Blood, ilitoka mwaka 1952. Lakini mwishoni mwa mwaka 1950 alikuwa ameugua, na ikabainika kuwa ni lupasi ileile iliyomuua baba yake. Akarudi kuishi na mama yake shambani, karibu na mji wa Milledgeville. Huko alifuga tausi, akatembea kwa magongo, na asubuhi aliketi kuandika kadiri nguvu zilivyomruhusu. Alifariki tarehe 3 Agosti 1964, akiwa na miaka 39. Daftari lake lilichapishwa mwaka 2013.

Katika sura ya 10 ya Injili ya Marko, Yakobo na Yohane wanamwomba Yesu viti vya heshima. Yesu hawafukuzi. Anawauliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake. Mwishoni mwa sura hiyo hiyo, Bartimayo kipofu anaulizwa swali lilelile waliloulizwa wale ndugu wawili: anataka afanyiwe nini? Yesu hutaka tuseme haja yetu kwa vinywa vyetu, hata kama bado ina kiburi ndani yake. Kuisafisha ni kazi yake.

Flannery alipewa kalamu, akapewa na kikombe. Hatuwezi kusema Mungu alimletea ugonjwa ili amfundishe. Hilo si letu kuamua. Tunachokiona ni kwamba binti aliyezoea kumwambia Mungu ukweli akiwa mzima, hakumkimbia alipokuwa mgonjwa.

Jioni ya leo, chukua daftari. Andika unachokitaka hasa, na chini yake andika unachokiogopa. Usikipambe. Kisha kikabidhi kwa Bwana.