Francis Pettit Smith: Mkulima aliyejifunza kutokana na rafadha iliyovunjika

KILA nahodha wa chombo cha injini huihofia kamba iliyolegea majini. Amari ya nanga ikinaswa na rafadha, hujizonga kwenye shafti kwa muda mfupi sana, injini ikazimika ghafla na chombo kikabaki kikisukwasukwa na mawimbi.

Madhara hayaishii hapo. Shafti huweza kupinda na mapanga ya rafadha kuvunjika. Aidha, joto la msuguano huweza kuyeyusha kamba ya nailoni na kuharibu kizibo kinachozuia maji kupenya ndani ya chombo.

Hata hivyo, historia ya kifaa hicho ina kisa cha ajabu. Rafadha ilipovunjika, ndipo mmoja wa waasisi wake alipogundua namna bora ya kuiunda. Huyo alikuwa Francis Pettit Smith, mkulima wa Uingereza.

Smith alizaliwa Februari 9, 1808 mjini Hythe, katika jimbo la Kent, ambako babake alikuwa msimamizi wa posta. Hakusomea uhandisi. Alipokua alijishughulisha na ufugaji katika nyanda za Romney Marsh, kisha akahamia Hendon, karibu na London.

Tangu utotoni alipenda kuunda vijimashua vya kuchezea na kutafuta mbinu mpya za kuviendesha.

Enzi hizo, meli za mvuke zilisukumwa na magurudumu makubwa yaliyofungwa ubavuni. Meli ilipolala upande mmoja kutokana na mawimbi, gurudumu moja lilizama mno huku jingine likizunguka hewani. Vitani, kombora moja la mzinga lilitosha kulivunja gurudumu na kuiacha manowari bila nguvu.

Mnamo 1835, Smith alifanyia majaribio kielelezo cha mashua iliyosukumwa na skrubu iliyofichwa chini ya maji, upande wa tezi. Mei 31, 1836 alipata hataza ya uvumbuzi huo.

Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Josef Ressel alikuwa amejaribu skrubu yake huko Trieste mwaka 1829, naye John Ericsson, mzaliwa wa Uswidi, alipata hataza jijini London wiki chache tu baada ya Smith.

Smith aliunda mashua ndogo ya mvuke na kuijaribu katika Mfereji wa Paddington. Skrubu yake ilikuwa ya mbao, yenye mizunguko miwili kamili.

Mapema mwaka 1837, skrubu hiyo iligonga kitu majini na karibu nusu yake ikakatika. Waliokuwemo wangetarajia mashua ipunguze mwendo. Badala yake, iliongeza kasi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Smith alitambua kwamba urefu wa skrubu ya awali ulikuwa mzigo, kwani ulisuguana na maji bila kuongeza msukumo wa maana. Aliunda nyingine yenye mzunguko mmoja, na mnamo Septemba mwaka huo akaiendesha mashua yake baharini hadi Dover na Hythe, mji wake wa kuzaliwa.

Ufanisi huo uliwezesha kuundwa kwa meli ya Archimedes, iliyoshushwa majini mwaka 1838. Licha ya masaibu, yakiwemo kulipuka kwa boila mwaka 1839, meli hiyo iliizunguka Uingereza ikiwaonyesha wenye shaka uwezo wa rafadha.

Mwaka 1840 ilifika Bristol, ambako mhandisi Isambard Kingdom Brunel alikuwa akiunda meli ya Great Britain. Baada ya kuichunguza, Brunel aliachana na mpango wa magurudumu. Mwaka 1845, Great Britain ilikuwa meli ya kwanza ya chuma yenye rafadha kuvuka Atlantiki, ingawa mwaka huo huo baadhi ya mapanga yake yalivunjika baharini.

Aprili 1845, manowari ya Rattler yenye rafadha ilifungwa tezi kwa tezi na Alecto ya magurudumu. Kila moja ilivuta upande wake kwa nguvu zote. Rattler iliikokota Alecto kinyumenyume, na mjadala ukafifia.

La kusikitisha ni kwamba Smith hakuvuna utajiri. Kampuni iliyofadhili kazi yake ilipata hasara, naye akarejea kilimo kwa muda katika kisiwa cha Guernsey. Serikali ilimpa pensheni mwaka 1855, na kuanzia 1860 akasimamia jumba la makumbusho ya hataza huko South Kensington. Alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1871 na kuaga dunia Februari 12, 1874, akiwa na umri wa miaka 66.

Kwa kuificha rafadha chini ya maji, Smith na wenzake waliiepusha na mizinga na mawimbi. Lakini huko huko mafichoni ilikutana na adui mwingine: kamba, nyavu na amari, ambavyo nahodha havioni mpaka vimemnasa.

Ndiyo maana baharia mwangalifu, awe Lamu au London, huhakikisha kwanza kwamba kamba zote zimevutwa ndani kabla ya kuwasha injini.