Françoise Dorléac: Dem Aliyebamba Ufaransa Nzima, Akaaga Akiwa na Miaka 25 Pekee

Taja Catherine Deneuve kwa mtu yeyote anayependa muvi za Kifaransa na atakupigia story hadi jioni. Sasa muulize kuhusu siz wake mkubwa. Kimya. Na tukisema ukweli, huyo siz ndiye alianza kuvuma.

Françoise Dorléac alizaliwa Paris tarehe 21 Machi 1942. Kwao kuigiza ilikuwa kazi ya nyumbani. Fathe, Maurice Dorléac, alikuwa mwigizaji, naye mathe, Renée Simonot, alitia sauti ya Kifaransa kwa mastaa wa Hollywood. Catherine alikuja mwaka uliofuata. Françoise ndiye alikuwa mchangamfu, mdomo haufungi, miguu haitulii. Mdogo wake alikuwa wa aibu.

Mwaka wa 1960 Françoise alikuwa kwenye muvi iitwayo Les portes claquent na walihitaji msichana wa kuigiza kama siz wake. Akamvuta Catherine. Catherine akachukua jina la mathe, Deneuve, ili watu wasiwachanganye. Kwa hivyo ukimwona Deneuve leo na heshima zote alizo nazo, jua nani alimfungulia mlango.

Lakini muvi iliyomchoma Françoise kwa akili za watu ni L'Homme de Rio ya mwaka wa 1964, kazi ya Philippe de Broca. Story ni hivi: Jean-Paul Belmondo ni askari aliyepewa likizo ya siku nane. Anafika Paris kumwona dem wake Agnès, ambaye ni Françoise, anapata anatekwa nyara mbele ya macho yake. Jamaa anadandia ndege bila tikiti hadi Brazil. Huko ni mbio tu: kwa miguu, kwa mashua, kwa ndai ya pinki yenye nyota za kijani.

Sasa dem wa kawaida aliyetekwa nyara angekaa kona akilia. Huyu hapana. Analalamika, anacheka, anacheza densi, anamtuma chali kama boi wake na bado unampenda. Hapo ndipo utamu wa hizi muvi uko: mapenzi hayasemwi kwa machozi, yanasemwa kwa mchezo. Na mwishoni, baada ya chali kukwepa kifo siku nane mfululizo, mwenzake jeshini anamlalamikia jam ya Paris. Mimi hapo huisha kabisa.

Mwaka huo huo François Truffaut akampa La Peau douce, muvi nzito kuhusu mhudumu wa ndege anayependana na mume wa mtu. Watu wakaona kumbe huyu si kichekesho tu. Ikafuata Cul-de-sac ya Roman Polanski, iliyobeba tuzo kubwa ya Berlin mwaka wa 1966.

Kisha ikaja Les Demoiselles de Rochefort. Jacques Demy aliingia na mbogi yake katika mji wa Rochefort kiangazi cha 1966, wakapaka majengo rangi, muziki ukawa wa Michel Legrand, na masista hawa wawili wakaigiza mapacha. Sauti za kuimba si zao, wacha tusidanganyane, lakini luku na miondoko ni yao. Kuna sehemu Françoise anaangusha vitu vyake barabarani, Gene Kelly anainama kumsaidia kuokota, na pale pale wote wawili wameshikwa. Hata majina hawajaulizana! Muvi ilitoka Machi 1967 na wawili hao wakawa gumzo.

Tarehe 26 Juni mwaka huo huo, Françoise alikuwa ametoka kwa likizo kusini mwa Ufaransa, akiwahi ndege pale Nice ili aende London, ambako muvi hiyo ilikuwa inazinduliwa kwa Kiingereza. Alikuwa anaendesha gari la kukodi, peke yake. Karibu na Villeneuve-Loubet gari likamshinda, likapinduka na kushika moto. Waliokuwa barabarani walimwona akipambana kufungua mlango. Haukufunguka.

Muvi yake ya mwisho, Billion Dollar Brain, aliyoigiza na Michael Caine, ilitoka miezi michache baadaye. Yeye hakuiona.

Catherine alikaa miaka mingi bila kutaka kuzungumzia jambo hilo hadharani. Ni mwaka wa 1996 ndipo alitoa kitabu kuhusu siz wake, akishirikiana na mwandishi Patrick Modiano. Kule Rochefort nako, uwanja ulio mbele ya stesheni ya treni una jina la Françoise.

Kama una wikendi bila plan, anza na L'Homme de Rio. Hata bila Kifaransa utamwelewa.