Krapf: Mtunga kamusi aliyenyang'anywa familia na homa ya Mombasa

WANAOTEREMKA kutoka Marikiti hadi ufuoni mwa Mji wa Kale, Mombasa, huiona Nyali ng'ambo ya mkono wa bahari. Huko ndiko alikozikwa Rosine, mke wa Johann Ludwig Krapf, mmisionari anayekumbukwa zaidi kwa kamusi yake ya Kiswahili kuliko kwa msiba uliompata miezi michache tu baada ya kufika pwani.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1837 alikwenda Uhabeshi kwa niaba ya shirika la kimisionari la CMS la Uingereza, na mwaka 1842 akamwoa Rosine Dietrich. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini huko Uhabeshi, asiishi.

Milango ya Uhabeshi ilipomfungia, Krapf aligeukia pwani yetu. Mapema mwaka 1844 alipokewa Unguja na Sayyid Said, aliyempa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi Mei alihamia Mombasa na mkewe, na Juni akaanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Mwanzoni mwa Julai homa ilimlaza Krapf, kisha ikamshika mkewe, aliyekuwa mja mzito. Rosine alijifungua binti Julai 6, akafariki Julai 13. Kichanga naye alimfuata mamake baada ya siku chache, huku baba akiwa hoi kitandani.

Wakati huo hakuna aliyejua kiini cha maradhi hayo. Kimelea cha malaria kiligunduliwa mwaka 1880, na ni mwaka 1847 ambapo Ignaz Semmelweis, mjini Vienna, alionyesha kwamba madaktari wakinawa mikono kwa dawa, vifo vya wazazi kutokana na homa ya uzazi hupungua.

Iwe ni malaria au homa ya uzazi, tabibu wa leo angehofia jambo moja: sepsisi. Hii ni hali ambayo mwili, katika kupambana na vijidudu, huanza kudhuru viungo vyake wenyewe. Figo hushindwa kuchuja, mapafu hulemewa, moyo huishiwa nguvu. Kuua vijidudu peke yake huenda kusitoshe iwapo viungo vimekwisha kudhurika.

Ndiyo maana wataalamu wamekuwa wakijaribu tiba za kuvinusuru viungo hivyo. Jaribio kubwa mojawapo liliratibiwa Kilifi, kaskazini mwa Mombasa. Liliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Baadhi yao walitiwa maji mengi mishipani kwa kasi, kwa matumaini kwamba damu ingefika vizuri kwenye viungo.

Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2011, yaliwashangaza madaktari ulimwenguni. Kati ya kila watoto 100 waliopewa maji hayo, takriban 11 walifariki katika saa 48 za mwanzo, ilhali miongoni mwa wasiopewa walifariki 7. Tiba iliyodhaniwa kuwa kinga iligeuka kuwa hatari kwa watoto hao. Mwaka huo huo, dawa ya sepsisi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 iliondolewa sokoni baada ya kubainika kwamba haikuokoa maisha.

Krapf hakuikimbia pwani baada ya msiba. Mwaka 1846 alijiunga na Johannes Rebmann kufungua kituo cha Rabai. Desemba 3, 1849, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Afya mbovu ilimrudisha Ujerumani mwaka 1853, na Novemba 26, 1881 akafariki Korntal. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, asiione.

Hadi leo haijapatikana dawa iliyothibitishwa kuvikinga viungo dhidi ya sepsisi. Silaha iliyopo ni wakati: kuitambua homa mapema na kuanza dawa ya maradhi yenyewe bila kuchelewa. Kwa mzazi aliyetoka kujifungua, homa si uchovu wa uchungu. Ni sababu ya kumkimbiza hospitalini siku hiyo hiyo, fursa ambayo Rosine hakuipata.