Peter Lalor, muasi wa mukono mumoja aliyekuwa mukubwa wa Bunge



Leo ninawaletea maisha ya mutu wa nchi ya mbali sana, Australia, jina lake Peter Lalor. Wengi kati yetu hatujasikiaka jina hili, lakini kule kwao linajulikana sana. Alikuwa muasi. Serikali iliahidi pesa kwa mutu atakayesema amejificha wapi. Kisha, miaka ikipita, mutu yule yule akakaa katika kiti cha juu cha Bunge. Nimemuchagua kwa sababu maisha yake yananiuliza swali moja, na mwishoni nitawaambia ni swali gani.

Lalor alizaliwa tarehe 5 Februari 1827 katika Ireland, kisiwa kilichotawaliwa wakati ule na Waingereza. Wakatoliki wa kule walikuwa wanalipishwa zaka ya lazima kwa faida ya Kanisa la serikali, ambalo lilikuwa la Kiprotestanti na halikuwa lao. Patrick, baba ya Peter, alikataa kulipa, na wengine wengi wakakataa vile vile. Sisi Waprotestanti tusijifiche mbele ya neno hili: kumulazimisha mutu kulipia kanisa lisilo lake ni ubaya, hata kama faida inarudi upande wetu. Nyuma ya pale Patrick alichaguliwa kuwa depite katika Bunge la London. Kaka ya Peter, James Fintan, aliandika mingi juu ya haki ya walimaji kwa udongo wao, na mwaka 1848 akatiwa gerezani. Kwa hiyo katika nyumba ile mutoto alisikia siasa mbele ya kujua kusoma.

Tangu mwaka 1845 viazi vya Ireland viliharibika kwa ugonjwa. Njaa iliua watu karibu milioni moja, na wengine wengi wakahama. Peter, ambaye alikuwa amejifunza kazi ya uhandisi wa ujenzi, alifika Melbourne pamoja na ndugu yake Richard katika mwezi wa Oktoba 1852. Melbourne ulikuwa muji mukubwa wa Victoria, koloni la Waingereza katika kusini ya Australia. Mwaka mumoja mbele ya pale zahabu ilikuwa imeonekana kule, na watu wakaja kutoka kila upande wa dunia: Waingereza, Waitalia, Wajeremani, Wamarekani, Wachina. Ule udongo ulikuwa na wenyewe tangu zamani, kama vile kabila la Wathaurong kwenye upande wa Ballarat, lakini hakuna aliyewauliza.

Lalor alifanya kazi kwanza kwenye njia ya reli, kisha akafuata zahabu. Mwaka 1854 alikuwa na shimo lake Ballarat, mahali panapoitwa Eureka. Wenzetu ambao wazazi wao ni wachimbaji watafahamu haraka hali ya pale. Kila muchimbaji alipaswa kununua karatasi ya ruhusa, pauni moja kwa mwezi, apate zahabu au asipate. Gavana Hotham aliamuru mapolisi wakague karatasi mara mbili kwa juma. Mutu yuko chini ndani ya shimo, maji yanafika magotini, mapolisi wanaita, anapaswa kupanda juu aonyeshe karatasi. Asipokuwa nayo, analipa amande au anafungwa, na mara nyingine walimufunga kwa munyororo kwenye gogo la muti, inje kwenye jua. Na juu ya hayo yote, muchimbaji hakuwa na kura. Alilipa, lakini hakuna depite aliyesema kwa ajili yake.

Mwezi wa Oktoba 1854 muchimbaji mumoja, James Scobie, aliuawa karibu na Hoteli ya Eureka. Mwenye hoteli alishitakiwa, lakini muamuzi alikuwa rafiki yake, akamuachilia. Watu wakakasirika sana, wakachoma hoteli. Kisha wakaunda chama, wakaomba kwa njia ya amani: kura kwa kila mwanaume, na mwisho wa zile karatasi. Gavana hakuwapa kitu. Tarehe 30 Novemba mapolisi walirudi kukagua. Njo siku ile wachimbaji walikusanyika kwenye kilima cha Bakery Hill, chini ya bendera ya buluu yenye musalaba mweupe na nyota tano. Walihitaji kiongozi. Lalor hakuwa musemaji mwenye kujulikana, lakini alipanda juu ya kisiki cha muti, akakubali. Walipiga magoti, wakaapa kusimama pamoja na kulinda haki zao. Kisha wakajenga boma la mbao.

Boma lile halikukaa hata juma moja. Siku ya posho usiku wengi walirudi kwenye hema zao, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba vita itakuja siku ya Mungu. Lakini tarehe 3 Desemba, siku ya Mungu, mbele ya jua kupanda, maaskari na mapolisi karibu 300 walishambulia. Vita haikutimiza hata nusu saa. Watu karibu 30 walikufa, wengi wao wachimbaji. Lalor alipigwa risasi kwenye bega la kushoto. Wenzake walimufunika kwa mbao, maaskari wakapita karibu bila kumuona. Kisha alipelekwa kwa siri nyumbani kwa padri Smyth, na pale waganga walimukata mukono. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 200. Watu wengi walijua yuko wapi, na pesa zilikuwa haba, lakini hakuna aliyemuuza. Alifichwa mpaka Geelong, kwa muchumba wake Alicia Dunne, aliyekuwa mwalimu. Walioana mwaka 1855.

Wachimbaji 13 walipelekwa Melbourne kuhukumiwa kwa kosa la kuasi, ambalo malipo yake wakati ule yalikuwa kifo. Wa kwanza alikuwa mutu mweusi wa Marekani, John Joseph. Raia 12 waliokaa kama waamuzi walisema hana kosa, na watu wakamubeba kwenye kiti katika njia za muji kwa shangwe. Wote 13 waliachiliwa. Katika mwaka ule ule 1855 karatasi ya kila mwezi iliondolewa. Pahali pake palikuja karatasi ya pauni moja kwa mwaka muzima, na mwenye nayo alikuwa na haki ya kupiga kura. Mwezi wa Novemba wachimbaji wa Ballarat walimutuma Lalor awe depite wao, bila mupinzani.

Kama habari ingeishia hapa, ingekuwa nzuri na nyepesi. Lakini haiishii hapa, na hii njo sababu nimeiandika.

Mwaka 1856, katika Bunge jipya la Victoria, waliletewa sheria ya uchaguzi. Ndani yake kulikuwa neno kwamba mwenye mali katika sehemu mbalimbali aweze kupiga kura zaidi ya moja. Lalor alisimama upande wa sheria ile. Watu wa Ballarat walishangaa. Mutu aliyepoteza mukono kwa ajili ya kura ya masikini, namna gani anamuongezea tajiri kura? Yeye alijibu wazi kwamba hakuwa amepigana ili kila kitu kipinduliwe. Alipigana na uonevu. Hakujificha, na hakubadili neno lake ili wamupende. Lakini alipoteza imani ya wengi, na mwaka 1859 alienda kutafuta kura sehemu nyingine, South Grant.

Kuna neno gumu kupita lile. Mwaka 1873 Lalor alikuwa mumoja wa wakubwa wa kampuni ya mugodi wa Lothair, katika muji wa Clunes. Wafanyakazi waligoma, kwa sababu hawakutaka kazi ya siku ya posho nyuma ya saa saba muchana. Kampuni ikajaribu kuleta Wachina wachukue kazi yao, mapolisi wakiwalinda njiani. Watu wa Clunes, wanaume na wanawake, waliwarudisha kwa mawe. Wachina wale walikuwa masikini waliotafuta mukate tu, na wao njo walipigwa. Safari hii Lalor alikuwa upande ambao polisi wanatumwa kuulinda. Sitaki kulificha jambo hili ili shujaa wetu abaki safi.

Hata hivyo Bunge lilimuheshimu. Alikuwa waziri wa forodha, na mwaka 1880 madepite walimuchagua kuwa Spika, ndiye prezida wa Bunge, mwenye kutoa ruhusa ya kusema na kunyamazisha wenye fujo. Alifanya kazi ile miaka saba, na alijulikana kwa kuwa mugumu bila upendeleo. Serikali ilitaka kumupa cheo cha heshima cha Waingereza, ili aitwe Sir, akakikataa. Mwaka 1887 ugonjwa ulimushinda, akaacha kiti, na Bunge likamupa pauni 4,000 kwa shukrani. Mwaka ule ule bibi yake Alicia alikufa. Yeye alikufa tarehe 9 Februari 1889, katika Melbourne, akiwa na miaka 62. Leo sanamu yake inasimama Ballarat, na bendera ya Eureka, ingawa vipande vyake vingine vimepotea, inalindwa kule kule.

Sasa swali langu. Mwaka uliopita mimi nilikuwa kati ya wale wanaonung'unika nyuma ya darasa juu ya viongozi wa wanafunzi. Mwaka huu nimepewa mimi liste ya wachelewaji na ufunguo wa chumba cha kusomea. Siku chache tu zimetosha kunionyesha kwamba mutu mwenye liste haoni mambo sawa na mutu ambaye jina lake linaandikwa. Je, Lalor alibadilika, ao ni kiti kilimubadilisha? Ninafikiri vyote viwili vilikuwako. Katika kiti cha Spika alikumbuka kwamba kila mutu ana haki ya kusikilizwa. Katika kiti cha kampuni alisahau.

Kwa hiyo ninawaomba, wenzangu: mukiniona ninasahau, muniambie mbele ya macho, musingoje mpaka mujenge boma. Na ninyi wa mwaka wa tano, ambao mwaka kesho mutashika ufunguo huu, muhifadhi ukurasa huu.

Wenu, kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita.